Mzee wa Mtaa ni wa Nani?



Mnamo Desemba 1991 Bunge la Kenya lilikifuta kifungu cha 2A, kile kilichotiwa katika katiba mwaka 1982 ili nchi iwe na chama kimoja tu. Baina ya 1992 na 2022 tukafanya chaguzi kuu saba. Mwaka 2010 tukaipitisha katiba mpya, tukapata magavana, maseneta na wawakilishi wa wadi. Haya si mambo madogo. Wako waliofungwa kwa ajili yake, wako waliopigwa, na wako waliozikwa. Mgala muuwe na haki umpe.

Lakini nauliza: mageuzi hayo yaliteremka hadi wapi? Jibu langu, nami ni mtu wa sheria nisiyependa kutia chumvi, ni kwamba yaliteremka hadi kwenye wadi, yakakaa kitako. Chini ya wadi, pale mwananchi anapolala na kuamka, pale taka zinapotupwa na maji yanapokatika, utawala ni ule ule wa zamani: wa kuteuliwa, wa kutumwa na wa kunong'onezana. Rais tunamchagua. Gavana tunamchagua. Mzee wa mtaa, ambaye kwa maskini ndiye serikali ya kwanza na mara nyingi ndiye ya mwisho, hatumchagui. Tunaletewa.

Makala haya yana neno moja tu: mzee wa mtaa achaguliwe na mtaa, na hesabu ya kazi yake aitoe kwa mtaa. Nalisema sasa kwa sababu katika miaka ya karibuni serikali ya taifa imetamka tena na tena nia ya kuwapa wazee wa vijiji posho. Posho ni haki yao. Lakini posho ikitangulia uchaguzi, tutakuwa tumemnunulia chifu wafuasi kwa fedha zetu wenyewe.

MTUMISHI ASIYE NA KITI

Mtazameni mzee wa mtaa wa Timbwani, wa Mtopanga au wa Chaani. Usiku wa manane hubishiwa mlango: mume na mke wamepigana. Alfajiri yuko kwa jirani aliyefiwa, kwani mazishi nayo yana karatasi zake. Saa nne anamwandikia kijana barua ya kumpeleka kwa naibu wa chifu ili apate kitambulisho. Adhuhuri ni fomu ya basari, alasiri ni ugomvi wa ukuta na maji machafu, jioni ni kupita nyumba hadi nyumba akiwaita watu waje kwenye baraza la chifu. Simu ni yake, salio ni lake, viatu ni vyake. Mshahara hana. Afisi hana, afisi yake ni baraza ya nyumba yake.

Sheria nayo haimjui. Sheria ya Uratibu wa Serikali ya Taifa ya 2013 inawataja maafisa wa utawala ngazi kwa ngazi: kamishna wa kaunti, naibu kamishna, kamishna msaidizi, chifu, na naibu wa chifu. Hapo inakoma. Mzee wa mtaa hamo. Anafanya kazi ya serikali bila ya kuwa mtumishi wa serikali, na anasema kwa jina la mtaa bila ya kuwa mjumbe wa mtaa. Aliyemweka ni chifu au naibu wake. Atakayemwondoa ni huyo huyo, siku atakayoamka vibaya.

Wakubwa husema: huyu anajitolea, basi tumsifu. Nasi tunamsifu. Lakini kujitolea ni jambo moja na kutolewa ni jingine. Anayejitolea huijua kazi yake, mipaka yake, na watu anaowatumikia. Anayetolewa hutangulizwa mbele kama ngao. Baada ya shambulio la Westgate la Septemba 2013, serikali ilileta mpango wa Nyumba Kumi, jina tuliloliazima Tanzania. Wazee wa kujitolea wakaambiwa wawe macho na masikio ya dola, bila ya ulinzi wala ujira. Kusini mwa Pwani wapo waliouawa kwa kudhaniwa kuwa wapasha habari wa polisi. Waliowatuma walikuwa wamelala nyuma ya malango yenye askari.

Tena kazi isiyo na ujira wala mwenye kuihesabu hujitafutia ujira wake gizani. Mkono mtupu haulambwi. Barua ya kitambulisho ikawa na bei. Jina katika orodha ya msaada likawa na bei. Hata ushahidi wa nani alitangulia kujenga ukapata bei. Sisemi kwamba kila mzee hula. Wengi wao ni waadilifu, na mitaa mingi ingekwisha kuwaka moto lau si subira yao. Ninasema kwamba mfumo unaomnyima mtu riziki ya halali, kisha ukamkabidhi muhuri, huo ndio uliopanda mbegu ya rushwa. Haufai kushangaa unapovuna.

WALICHOKIJUA WAINGEREZA KWAO

Wapo watakaosema kwamba mtaa ni kitu kidogo mno kuwa na halmashauri ya kuchaguliwa. Nawaomba waangalie historia ya waliotutawala.

Mwaka 1894 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya serikali za mitaa iliyounda halmashauri za parishi. Parishi ni kijiji na mashamba yake. Kila parishi ya mashambani yenye watu 300 au zaidi ikapewa halmashauri iliyochaguliwa na wakaazi wenyewe. Wanawake, walioolewa na wasioolewa, wakaruhusiwa kupiga kura hizo na kugombea viti hivyo, miaka zaidi ya ishirini kabla ya mwanamke wa kwanza kuruhusiwa kuchagua mbunge. Diwani wa parishi hakuwa na mshahara. Alijitolea. Lakini aliyempa kiti alikuwa jirani yake, na jirani huyo angeweza kumwondoa kwa kura.

Miaka minane baadaye, mwaka 1902, Waingereza hao hao waliandika sheria ya wakuu wa vijiji kwa himaya yao ya Afrika Mashariki, na mwaka 1912 wakaipa nguvu zaidi kwa sheria ya mamlaka ya wenyeji. Mkuu wa kijiji wa kwetu hakuchaguliwa na jirani. Aliteuliwa na serikali ya kikoloni, akaamrishwa alinde amani, atengeneze njia na atii. Hapa Pwani walikuwapo Liwali na Mudir, nao pia walikuwa wa kuteuliwa.

Kwa hiyo, wananchi, msidanganyike kwamba mkoloni hakujua kuwa kijiji chaweza kujitawala. Alijua. Alikwisha kulijaribu jambo hilo nyumbani kwake. Kwetu aliamua vingine kwa sababu kwao alihitaji raia na kwetu alihitaji watiifu. Mkoloni alikwenda zake mwaka 1963. Chifu wake alibaki.

Serikali ya majimbo ya 1963, ambayo kwayo Ronald Ngala alikuwa rais wa kwanza wa Jimbo la Pwani, haikupewa umri. Majimbo yalivunjwa kabla hayajatambaa. Sheria ya machifu ikaishi. Wakati wa chama kimoja chifu aliweza kuwalazimisha watu kazi na kuwapangia maisha yao, na baraza lake likawa jukwaa la chama tawala. Mapatano ya wabunge wa vyama vyote ya mwaka 1997, yale ya IPPG, yaliyapunguza makali hayo. Katiba ya 2010 ikaamuru, katika Jedwali la Sita, kwamba utawala wa mikoa ugeuzwe upya ndani ya miaka mitano ili uheshimu ugatuzi. Yaliyofuata ni majina. Mkuu wa wilaya akaitwa naibu kamishna. Chifu akaitwa chifu. Na mzee wa mtaa akaendelea kuitwa usiku.

SHERIA TUNAYO

Sasa natoka katika historia naingia katika sheria, kwani kilio bila hoja ni kelele.

Ibara ya 176 ya katiba inaitaka kila serikali ya kaunti igatue kazi na huduma zake hata chini, kwa kadiri inavyowezekana na inavyofaa. Mwaka 2012 Bunge likatunga Sheria ya Serikali za Kaunti. Kifungu cha 48 kinazitaja ngazi: miji, kaunti ndogo, wadi, na chini yake vijiji, ambavyo idadi yake huamuliwa na Bunge la Kaunti. Kifungu cha 53 kinaunda halmashauri ya kijiji. Mwenyekiti wake ni msimamizi wa kijiji. Pamoja naye ni wazee wasiopungua watatu wala kuzidi watano, wanaoteuliwa na msimamizi huyo kwa njia ya ushindani, kwa idhini ya Bunge la Kaunti, na kwa kuzingatia usawa wa wanaume na wanawake. Mzee sharti awe raia wa Kenya. Sharti awe ameishi au amemiliki mali katika kijiji hicho kwa miaka mitano mfululizo. Sharti maadili yake yakubaliane na Sura ya Sita ya katiba.

Kazi za halmashauri hiyo nazo zimeandikwa: kuratibu ushiriki wa wanakijiji katika utawala, kufuatilia namna sera zinavyotekelezwa kijijini, na kuwashauri msimamizi wa wadi na msimamizi wa kaunti ndogo. Na wazee hao wapewe posho itakayoamuliwa na Bunge la Kaunti.

Basi, ndugu msomaji uliye Shika Adabu, Mjambere au Port Reitz, nakuomba ujibu maswali matatu. Wataje wazee watatu wa halmashauri ya kijiji chako chini ya kifungu cha 53. Taja mipaka ya kijiji hicho. Taja siku walipohojiwa kwa ushindani. Ukiweza kujibu, nakupongeza. Ukishindwa, ujue kuwa sheria iliyotungwa mwaka 2012 haijabisha hodi kwako, na kwamba mzee unayemjua ni yule wa chifu.

Sheria hii ina kasoro, nami sitaificha. Imesema wazee wateuliwe, haikusema wachaguliwe. Ni mageuzi yaliyokatwa miguu. Lakini imeacha mlango. Hakuna neno katika kifungu cha 53 linalolizuia Bunge la Kaunti kutunga sheria yake ya kwamba wakaazi wakutane, wapige kura, na msimamizi awateue wale walioshinda. Ushindani ulio wazi kuliko wote ni kura ya majirani.

MASHAHIDI WATATU

Wa kwanza ni Owino Uhuru. Huu ni mtaa wa Mikindani, katika Changamwe ya zamani ambayo sasa ni Jomvu, wenye wakaazi wapatao 3,000. Mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha risasi kutoka kwenye betri kuukuu kilianza kazi ukutani mwao. Watoto wakaugua, mimba zikatoka, moshi ukaingia ndani ya vyumba. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, baada ya miaka ya maandamano yaliyoongozwa na Phyllis Omido, mama ambaye mwanawe mwenyewe alipatikana na sumu ya risasi mwilini. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliwapa wakaazi fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufaa ikaitengua hukumu hiyo mwaka 2023, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha fidia.

Tuisifu mahakama, lakini tuulize la msingi. Aliyeunusa moshi ule kwanza ni nani? Ni mtaa. Na mtaa ulikuwa na kiti gani cha kisheria cha kuitisha vyeti vya kiwanda, kuviandikia barua vyombo vya mazingira kwa jina la watu 3,000, na kudai jibu? Haukuwa nacho. Ilimbidi mwanamke mmoja ajitokeze, ashikwe, ashtakiwe na kutishwa, ili kazi ya halmashauri ya kijiji ifanywe bila ya halmashauri ya kijiji. Watu wa namna yake huzaliwa mara chache. Nchi haiwezi kuendeshwa kwa kungojea mashujaa.

Shahidi wa pili ni ardhi ya Likoni. Mwaka 2015 serikali ya taifa iliamua kulinunua shamba la Waitiki, la takriban ekari 930, ambalo maelfu ya watu walikuwa wakiishi, na Januari 2016 hati zikaanza kutolewa. Katika jambo kama hilo swali zito si bei. Swali ni orodha. Nani alikuwa akiishi hapa, tangu lini, na nyumba hii ni ya nani? Hayo hayajui kamishna wala waziri. Huyajua jirani. Na jirani anayeulizwa akiwa ni mteule asiyewajibika kwa yeyote hapo mtaani, orodha hiyo itaaminiwa na nani? Penye wazee haliharibiki neno, walisema wahenga. Lakini wahenga walikusudia wazee waliopewa heshima na watu wao. Hawakukusudia wazee waliopewa kalamu na afisi.

Shahidi wa tatu ni vijana wetu wa Kisauni na Likoni. Magenge ya watoto wenye mapanga yameitia hofu mitaa hii kwa miaka mingi, na wakati huo huo familia zimelia kwamba vijana wao wamechukuliwa, wasionekane tena. Baina ya panga na bunduki anahitajika mtu mmoja ambaye mama atamwambia: mwanangu ameanza kulala nje, nisaidie. Mama huyo hatamwambia mzee anayejua kwamba neno lake litafika kituoni kabla ya magharibi. Akikaa kimya, genge litanawiri. Akisema, huenda akazika. Mzee aliyechaguliwa na mtaa, ambaye wajibu wake umeandikwa na si wa upelelezi, angeuvunja ukimya huo. Hatuwezi kununua usalama kwa kuwageuza wazee kuwa majasusi wa bure.

WANAYOYASEMA WAPINZANI

Husemwa: uchaguzi wa mitaa utaleta ukabila, mtakumbuka ya Likoni. Nayakumbuka. Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilishambuliwa, askari sita wakauawa, na ghasia zikaenea. Watu zaidi ya mia moja walikufa na maelfu wakakimbia makwao. Lakini nawauliza wanaoyatumia mauti hayo kama hoja: mwaka 1997 tulikuwa na wazee wa kuchaguliwa? Hatukuwa nao. Kuanzia mkuu wa mkoa hadi mzee wa mtaa wote walikuwa wateule wa dola, na hawakuizuia damu ile isimwagike. Kanuni ya miaka mitano ya ukaazi haimuulizi mtu kabila lake wala babu yake alizikwa wapi. Inamuuliza amekaa nasi kwa muda gani. Mdigo, Mgiriama, Mkamba, Mluo na Mswahili wa mtaa mmoja hunywa maji ya mfereji mmoja, na mfereji ukikauka huwakaukia wote.

Husemwa: uchaguzi ni gharama. Hatuombi mashine za kutambua vidole wala karatasi za kuchapishwa ng'ambo. Tunaomba chumba kimoja cha shule, sanduku moja, orodha ya wakaazi iliyobandikwa ukutani wiki mbili kabla, na waangalizi kutoka misikitini, makanisani na vyama vya vijana. Na kura iwe ya siri. Waliokuwa watu wazima mwaka 1988 wanaukumbuka mlolongo, ambapo watu walipanga foleni nyuma ya wagombea, na foleni fupi ikatangazwa kuwa ndefu. Mimi nilikuwa mtoto wakati ule, ila wazazi wetu hawakusahau. Kuwasimamisha majirani hadharani ili mwenye nyumba aone mpangaji wake amesimama nyuma ya nani, huko si kuchagua.

Husemwa mwisho: tazameni jirani, uchaguzi wa mitaa umewafaa nini? Hoja hii ina uzito, tuijibu kwa haki. Tanzania wenyeviti wa vijiji na mitaa huchaguliwa kila baada ya miaka mitano. Lakini mwaka 2019 wagombea wengi wa upinzani walienguliwa, vyama vyao vikasusia, na mwaka 2024 chama tawala kilitangazwa kushinda zaidi ya asilimia 98 ya viti. Uganda ilianza vizuri na mabaraza yake ya mitaa, LC I ya kijiji na LC II ya parishi. Kisha baada ya 2001 ikakaa miaka 17 bila kuyachagua upya, hadi Julai 2018, tena kwa kupanga mistari. Funzo ni nini? Si kwamba mtaa usichague. Funzo ni kwamba watawala wanaijua thamani ya mtaa kuliko sisi. Wasingejitaabisha kuukamata mtaa kama mtaa haungekuwa na maana. Kwa hiyo tarehe ya uchaguzi iandikwe katika sheria, isiachwe mkononi mwa mkubwa. Na mgombea asimame kwa jina lake, pasiwe na chama kitakachomkopesha tiketi.

TUNAYOYADAI

Tunalitaka Bunge la Kaunti ya Mombasa, kupitia kwa wawakilishi wa wadi za Likoni, Kisauni, Changamwe na nyinginezo zote, litekeleze haya kwa sheria iliyoandikwa:

1. Mipaka ya kila kijiji na mtaa itangazwe, na ramani yake ibandikwe mahali pa wazi katika kila wadi.

2. Wazee wa halmashauri ya kijiji wachaguliwe na wakaazi kwa kura ya siri, kisha ndipo wateuliwe rasmi na kuidhinishwa kama kifungu cha 53 kinavyotaka.

3. Jinsia moja isizidi thuluthi mbili, na kiti kimoja kiwe cha kijana. Mzee ni cheo cha busara, si hesabu ya mvi.

4. Muda wa utumishi uwe na mwisho, na wakaazi wawe na njia ya kumwondoa aliyewasaliti kabla ya muda huo.

5. Posho ipangwe na Bunge la Kaunti, kiwango chake kijulikane na kila mtu, na ilipwe kwa wakati. Baada ya hapo, anayetoza shilingi moja kwa barua ashtakiwe.

6. Halmashauri ikutane na wakaazi angalau mara nne kwa mwaka, isome hesabu na maamuzi yake, na nakala ibandikwe ukutani.

7. Kazi ya upelelezi ibaki kwa polisi wanaolipwa kwa ajili hiyo.

YALIYO MIKONONI MWETU

Lakini tusikae tukingoja. Haki zilizopo tuzitumie. Sheria ya Miji na Majiji ya 2011 inawapa wakaazi wa jiji kama Mombasa haki ya kuwa na jukwaa lao la kujadili mambo yao na kutoa mapendekezo. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti kinampa kila mtu haki ya kulipelekea Bunge la Kaunti ombi la maandishi juu ya jambo lolote lililo chini ya mamlaka yake. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inamtaka afisa wa umma akujibu ndani ya siku 21. Na mwaka wa fedha wa kaunti una majira yake: mpango wa maendeleo hupelekwa bungeni kufikia tarehe 1 Septemba, mwongozo wa fedha kufikia 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili. Mtaa unaokutana kabla ya tarehe hizo huwa na la kusema. Unaokutana baadaye hulalamika tu.

Kwa hiyo, kila mtaa uchague watu wake watano, hata kabla sheria haijawatambua. Waandike majina, waandike mipaka ya mtaa, waandike shida tatu za kwanza: maji, taka, taa, zahanati, au lolote linalowauma. Watie saini pamoja na majirani, wapeleke ombi kwa karani wa Bunge la Kaunti, na wabaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Mitaa kumi ikifanya hivyo, itaitwa fujo. Mitaa mia ikifanya hivyo, sheria itatungwa. Kifungu cha 2A nacho hakikufutwa kwa sababu watawala waliona aibu. Kilifutwa kwa sababu watu walikwisha kuishi kana kwamba hakipo.

Na kwenu nyinyi wazee wetu mnaotumika leo chini ya chifu, sisi si adui zenu. Mmebeba mzigo ambao serikali mbili, ya taifa na ya kaunti, zimeukwepa. Simameni mbele ya mitaa yenu muombe kura. Aliyetenda wema hana la kuogopa, kwani majirani wanamjua. Mtakayoyapata kwa kura hizo ni makubwa kuliko posho yoyote: hapana chifu atakayewafuta kazi kwa sababu mlisema kweli.

Hapo ndipo vyama vingi vitakapokuwa vimefika Mombasa bara. Hadi siku hiyo, tuliloshinda mwaka 1991 ni nusu tu, na nusu iliyobaki iko mlangoni mwako.